Tazama Matundu Kwanza: Kununua Kamera ya Video kwa Fedha ya Kubana

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Mwalimu, kamera gani ya video ni nzuri?" Mtu ana fedha yake mkononi, ameihesabu mara mbili, anataka nimtajie jina moja akanunue. Mimi humjibu kwa swali, naye hununa kidogo. Unataka kurekodi nini? Utakuwa umesimama wapi? Kwa muda gani bila kusimama?

Maana kuna anayerekodi mahubiri ya saa mbili akiwa nyuma ya ukumbi. Kuna anayemrekodi mwanawe akicheza mpira uwanjani, jua linawaka. Kuna anayejirekodi mezani akifundisha mapishi. Watu hawa watatu, hata wakiwa na fedha sawasawa, hawapaswi kutoka dukani na kamera ya aina moja. Wa tatu huenda hata asinunue kamera. Nitamrudia.

Mwenye fedha nyingi hununua kila kitu, na akikosea haonekani. Mwenye fedha kidogo kazi yake ni kuchagua cha kuacha. Msimamo wangu nautanguliza ili anayetaka kunipinga ajiandae: ukiishika kamera, usianze na namba zilizochapwa ubavuni. Igeuze, fungua vile vifuniko vidogo vya mpira, utazame matundu. Natafuta mawili: tundu la maiki la milimita 3.5, na tundu la hedifoni.

Najua mmekuja kusikia habari za 4K, ile picha yenye nukta nyingi inayotangazwa kwenye maboksi. Subirini. Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga, tena huvumilia sana akiwa na hamu ya kujua kinachosemwa. Sauti isiyosikika haivumilii hata dakika moja, anaondoka. Sasa fikirini: maiki ya ndani ya kamera iko mwilini mwa kamera. Inasikia vidole vyako vikisogea, inasikia mota ya zumu, inamsikia jirani yako anayekohoa, kisha ndipo inamsikia msemaji aliye mita 15 mbele. Zumu huvuta picha, haivuti sauti. Kwenye kioo uso wa bibi harusi umejaa, machozi unayaona, lakini kiapo chake unakisikia kwa mbali huku watu wanasogeza viti karibu nawe.

Niwape mfano wa kamera zinazofahamika. Sony HDR-CX405 ni ndogo, nyepesi, na imenunuliwa na watu wengi wenye bajeti kama zetu. Lenzi yake inavuta mara 30. Panasonic HC-V180 inavuta mara 50. Zote mbili hazina tundu la maiki. Canon HF R800, ya kundi hilohilo, inavuta mara 32, ina tundu la maiki na la hedifoni. Ukisoma boksi tu utachukua ile ya mara 50, maana 50 ni kubwa kuliko 32. Anayerekodi ndege mtoni afanye hivyo, nami nitamuunga mkono. Anayerekodi watu wakizungumza, nitamwambia arudishe.

Tundu la hedifoni watu hulidharau. Vile vijiti vya sauti vinavyorukaruka kwenye kioo vitaendelea kuruka hata kama kinachoingia ni mkwaruzo wa waya uliolegea. Vinakuonyesha kwamba kuna sauti, basi. Ni sauti gani, hilo ni la masikio yako. Na ukiwa dukani, ingia kwenye menyu uone kama kiwango cha sauti kinaweza kuwekwa kwa mkono. Kamera nyingi za bei ya chini hupandisha na kushusha zenyewe: msemaji akipumzika kidogo, kamera inaongeza nguvu, mvumo wa feni unapanda juu, na akirudi neno lake la kwanza linapasuka.

Aliyekwisha kununua isiyo na tundu asikate tamaa. Chomeka maiki ndogo ya kubana kwenye simu, simu ikae mfukoni mwa msemaji, irekodi. Kabla hajaanza, piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, kilele cha lile kofi kwenye sauti zote mbili ndicho cha kupatanisha. Tahadhari moja: saa ya ndani ya simu na ya kamera haziendi sawasawa kabisa, kwa hiyo baada ya saa nzima midomo na maneno vinaweza kuanza kuachana. Rekodi ndefu ikate vipande, upatanishe kila kipande upya.

Tumemaliza matundu, twende kwenye lenzi. Zumu ziko mbili. Moja ni ya vioo: vipande vya lenzi vinasogea na kweli vinakuletea kilicho mbali. Nyingine ni ya hesabu: kamera inakata katikati ya picha na kuitanua, ambalo hata wewe unaweza kulifanya nyumbani kwenye kompyuta bila kulipia. Namba ya kusoma ni ile ya vioo peke yake. Ile nyingine, hata ikiandikwa mara 1,500, ipite.

Lakini wanunuzi husahau upande wa pili wa zumu, ule mpana. Chumbani utagonga mgongo ukutani kabla hujapata watu wanne kwenye picha. Upana huo huandikwa kwa milimita, na namba ikiwa ndogo picha ni pana zaidi. Ile CX405 inaanzia sawa na milimita 26.8 na V180 milimita 28, na huo ni upana wa kutosha sebuleni. Kamera nyingi za zamani zinaanzia 40 na zaidi. Nazo zilikuwa nzuri tu kwa uwanja.

Sasa mwanga, ambao ndio ugonjwa mkuu wa kamera za bei ya chini. Ndani kuna kipande cha silikoni kinachopokea mwanga, tukiite kihisi. Katika kamera nilizotaja, CX405 na V180, ukubwa wake umeandikwa 1/5.8 ya inchi. Mshazari wake ni kama milimita 3 hivi, yaani unakaribia kuwa kichwa cha njiti ya kiberiti. Mchana hutaona tatizo. Jioni, chini ya balbu moja, kamera inalazimika kuikuza ishara hafifu, na inapoikuza inakuza na takataka zake. Chenga hizo. Kamera yenye kihisi cha 1/2.3 inakuwa afadhali, na ya inchi 1 ina eneo mara 4 hivi ya hiyo ya 1/2.3, ila bei nayo inapaa. Msitishwe na neno "inchi" hapo: kihisi cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8. Jina ni urithi wa mirija ya vioo ya kamera za zamani.

Na zile takwimu za lux, kipimo cha mwanga, kwamba kamera hii inaona kwenye lux 1 na ile kwenye lux 3? Mara nyingi zimepimwa shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ikiwa imepunguzwa kasi, watu wakisogea wanaacha mkia. Kila mtengenezaji anapima kwa namna yake. Mimi huziruka. Kinachofaa zaidi ni kuchukua sehemu ya fedha ya kamera na kununua taa. Taa moja ya LED iliyoelekezwa ukutani au darini, mwanga ukarudi laini juu ya watu, itaifanya kamera ndogo ionekane kubwa kuliko ilivyo.

Haya, 4K. Pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa 2160, mara 4 ya HD kamili. Ni nzuri ukitaka kukata picha baadaye, umvute msemaji karibu bila kupoteza ukali. Lakini pikseli hizo zote zikibanwa kwenye kihisi kidogo, kila moja inapata mwanga kidogo zaidi. Halafu kuna gharama ya nyuma ya pazia. Ukirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde unajaza gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 inakwisha kabla ya saa moja na nusu. Megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kila sekunde, na kadi iliyoandikwa Class 10 inakuhakikishia 10 tu. Kwa hiyo unahitaji yenye alama ya U3 au V30, zinazohakikisha 30. Kisha diski ya kuhifadhia, kisha kompyuta ambayo haitakwama ukianza kuhariri. HD kamili kwa megabiti 24 ni kama gigabaiti 11 kwa saa, na kompyuta nyingi zinaihimili. Kwa bajeti ya kubana, HD nzuri yenye tundu la maiki inaishinda 4K isiyo na tundu. Hapo ndipo nilipo, na sijaona sababu ya kuhama.

Kuna jambo linaniudhi na lazima niliseme. Mtandaoni zimejaa kamera zisizo na jina la mtengenezaji anayeeleweka, boksi linameremeta: 4K, megapikseli 48, zumu mara 16, kuona gizani. Ukisoma maelezo kwa utulivu, zumu yote ni ya hesabu. Lenzi haisogei hata kidogo. Nyingi hazina hata mota ya kulenga, kila kitu kimefungwa umbali mmoja. Hiyo 4K mara nyingi ni picha ndogo iliyotanuliwa na programu ya ndani. Ni mbuzi kwenye gunia. Muulize muuzaji maswali mawili: zumu ya vioo ni mara ngapi, na kihisi kina ukubwa gani? Akikujibu tena "megapikseli 48", mshukuru, uende zako.

Betri sitaichelewesha: inunuliwe ya pili siku hiyohiyo, na uhakikishe kamera inaweza kurekodi huku imechomekwa umeme. Stendi ya miguu mitatu nayo ni lazima ukitumia zumu ndefu, kwa sababu hata kizuia mtikisiko kizuri hakimudu mara 30 mkononi.

Kuhusu taa kupepesa. Nchi nyingine umeme wake ni hezi 50, nyingine 60, na kamera nazo huuzwa za mafremu, yaani picha kwa sekunde, 50 au 60. Ukiagiza kutoka mbali, kamera ya 60 chini ya taa za hezi 50 inaweza kuonyesha mwanga unaopwita. Shata ikiwekwa 1/50 au 1/100 inatulia, mradi kamera ikuruhusu kuigusa. Jingine la kuulizia kabla ya kulipa: baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee.

Tumefika kwa zilizotumika, ambako kwa fedha kidogo ndiko nafasi ilipo, kwani watengenezaji wametoa kamera mpya chache tangu simu zilipochukua wateja. Za kanda za MiniDV, zilizoanza 1995, ziache, isipokuwa una kanda zako za zamani za kuhamisha. Zinatoa picha kwa waya wa aina ya FireWire, na kompyuta mpya hazina tundu hilo. Za kuandika kwenye diski ndogo za DVD ziache bila masharti. Tafuta inayoandika kwenye kadi ya SD.

Ukikutana na muuzaji, nenda na kadi yako na hedifoni zako. Funika lenzi kwa kifuniko, rekodi nusu dakika ya giza, kisha tazama kwenye kioo kikubwa: nukta nyeupe au nyekundu isiyohama ni pikseli mbovu. Vuta zumu mwanzo hadi mwisho ukisikiliza. Mota yenye afya inavuma sawasawa, haikwami katikati. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka pembeni: ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, ni kuvu, na kusafisha kutakugharimu. Fungua na ufunge kioo cha pembeni mara kadhaa huku kinawaka, kwa sababu waya wa utepe unaopita kwenye bawaba huchoka, na picha hupotea kioo kikifika pembe fulani. Mwisho tikisa kidogo plagi ya maiki ikiwa tunduni, ukisikiliza. Ikikwaruza, muuzaji apunguze bei au uondoke.

Yule dada wa nyuma ameinua mkono tangu niliposema "simu". Ndiyo... Anauliza: kama nina simu nzuri, kwa nini ninunue kamera?

Swali zuri, na ndipo ninapomrudia mwalimu wa mapishi. Dada yangu, kama unachorekodi kiko hatua tatu mbele yako, kinachukua dakika kumi, na taa unaipanga mwenyewe, usinunue. Simu yako ya miaka ya karibuni huenda ina kihisi kikubwa kuliko kamera zote nilizotaja kwa majina leo. Nunua maiki, taa na stendi, fedha itakayobaki ipikie. Lakini anayesimama nyuma ya ukumbi saa mbili, simu itampata joto, hifadhi itajaa, na katikati atapigiwa na mtu. Hata kamera nyingi za picha za mnato zilikuwa zikijizima kwenye dakika 29 na sekunde 59, sababu mojawapo ikiwa ushuru wa forodha wa Ulaya uliozitoza kamera za video zaidi. Kamera ya video haina breki hiyo. Unaichomeka umeme, unabonyeza, unakaa.

Aliye karibu na mlango naye alikuwa na swali. Karibu, bwana.