Bukari ya siku ya mechi

Baba na mama, ndugu zangu. Mkianza kuzungumzia mikahawa ya zamani ya Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, mara mmeshafika Abu Dhabi, kipa wa Mazembe Kidiaba na fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu ya 2010. Inter ya Milan walitufunga 3-0, inajulikana, tuendelee. Mimi kilio changu ni kile kile: utamu wa chakula mnaoulilia ulitoka jikoni, na jikoni ndiko ulikopotelea.

Siku ya derby ya Mazembe na Lupopo, timu zetu mbili za mjini, mpishi alikwenda na saa ya refa. Sombe, yaani majani ya muhogo, imeshaiva, lakini unga wa bukari, yaani ugali, haujaguswa. Kipindi cha pili kikifika katikati, ndipo sufuria inapanda kwenye mbabula, jiko la makala (makaa). Kilo moja ya unga, maji kama lita mbili. Konzi chache unazikoroga kwanza katika maji baridi, unazimimina, uji unatokota dakika 10 hivi mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Hapo unaongeza unga kidogo kidogo, unasonga ukiubana kwa mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Ukiumwaga wote kwa pupa kwenye maji yanayochemka, unashikana nje, ndani unabaki mkavu. Ndiyo madonge mnayolalamikia. Ukimaliza, funika, punguza makala, dakika 3. Filimbi ya mwisho ikilia, watu wanavuka barabara na bukari inafuka mvuke.

Leo inasongwa saa nne asubuhi, inafungwa kwenye mfuko wa plastiki, inatiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mvuke hauna pa kutokea, unageuka maji na kuirudia bukari: juu jasho, katikati jiwe. Mtasema wateja ni wengi siku hizi. Wateja wa derby walikuwa wachache lini? Songa sufuria ndogo tatu kwa zamu, uache hiyo moja kubwa kama pipa!

Sombe haraka haraka, mwenyekiti ananiangalia. Majani yatwangwe hasa, yasikatwekatwe tu, kwani kupondeka ndiko kunakoiachilia sumu ya muhogo. Kisha nusu saa ya kwanza sufuria ichemke wazi, sumu itoke na mvuke. Anayefunika mapema kuokoa makala anaifungia humo humo. Mawese baadaye.

Samaki wetu thomson alistahili robo saa, nanyi mmeimaliza kwa kumshangilia Kidiaba. Mfuteni maji kabla hajaingia kwenye mafuta ya moto, la sivyo ngozi yote itabaki kwenye kikaango.