Muulize mtoto waziwazi, kisha usimwache peke yake

Wapapa, wamama, walimu wetu wa Bukavu, asanteni kwa kufika. Tuanze bila kuzunguka: tumekuja kuzungumza juu ya vijana wanaojiua. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaokufa hivyo kila mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni kati ya sababu kubwa za vifo.

Kijana mwenye huzuni nzito si lazima alie. Mara nyingi anakasirika, anajibu vibaya, anafunga mlango, nasi tunasema amepata kiburi. Tazameni kilichobadilika: usingizi umepotea au analala mchana kutwa, ameacha mpira au kwaya, ameanza pombe, anajikata ngozi, anagawa nguo na vitu anavyovipenda. Akisema “mngepumzika bila mimi”, msimkemee. Aliyewahi kujaribu kujiua yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Muwe macho zaidi baada ya kufiwa, kubakwa, mimba, kushindwa mtihani wa taifa, au picha zake kusambazwa kwenye simu.

Ukiona hayo, muulize. Wazazi wengi wanaogopa kwamba swali litampandia wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti umeonyesha kwamba sivyo. Wengi hupata nafuu wakiulizwa. Mtafute akiwa peke yake, mbali na wadogo zake, pengine mkiwa mnachambua sombe, kwa sababu macho yakiwa kazini mdomo hufunguka. Sema: “Mwanangu, naona huli wala hulali. Mtu akiumia hivi, pengine anafikiria kujiua. Wewe umefikiria?” Kisha nyamaza. Usiseme “huwezi kufanya ujinga huo, sivyo?”, maana hapo umeshamfundisha kujibu hapana.

Akikubali, endelea kwa sauti ileile: amefikiria kufanya nini, lini, na je, ameshatayarisha kitu? Akiwa na mpango na kitu cha kuutekeleza kipo karibu, hiyo ni dharura. Usiku huo asilale peke yake, na asubuhi isipite kabla hajaonwa na muuguzi au daktari. Akikuomba uifanye siri, mwambie ukweli: “Sitatangaza, lakini nitamwambia mtu mmoja wa kutusaidia.”

Jambo linalookoa wengi ni kuweka umbali kati ya mtoto na kitu cha hatari. Tamaa ya kufa hupanda na kushuka. Kilele chake kinaweza kupita ndani ya saa chache, hata dakika. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali, vifo vya kujiua nchini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo dawa ya panya na ya shamba zitoke nyumbani. Vidonge vya famasi vifungiwe, mtu mzima atoe dozi ya siku moja tu. Nyumba ya askari au polisi: bunduki isilale humo.

Ikiwa ameshameza kitu, mkimbize hospitali na chupa au pakiti yake mkononi. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mawese. Hata akionekana mzima, nendeni. Sumu nyingine huharibu mwili polepole, dalili zikija baada ya siku.

Hapa mjini kuna SOSAME, wanaotibu magonjwa ya akili, na kituo cha afya kinaweza kuwapeleka huko. Kumfungia mtoto kwenye chumba cha maombi afunge kula siku tatu ni hatari. Mchungaji aombe, na mganga wa hospitali amwone siku hiyohiyo. Kiboko kisiguswe.

Kaeni naye muandike karatasi moja: dalili zinazomjia kabla ya hali kuwa mbaya, anachoweza kufanya mwenyewe kujituliza, watu wawili au watatu wa kuwapigia simu, na kituo cha kukimbilia. Aandike kwa maneno yake. Msiiache kabatini, isomeni tena naye.

Majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitali ni ya hatari sana, ingawa jirani wataona amepona. Mwalimu amkaribishe darasani bila kumhoji mbele ya wenzake, mzazi amuulize tena swali lilelile kila juma, kwa angalau miezi miwili, na vidonge vibaki vimefungiwa.