Sisimizi Wasio na Malkia: Jinsi ya Kumfuata Mwindaji Mpaka Shimoni

Hamjambo watazamaji. Leo tuko Malindi, pembeni mwa shamba la minazi, na tunamtafuta sisimizi anayewinda peke yake. Wengi wakitaka kujua kama kiota kina malkia hukimbilia jembe. Jembe liweke kando.

Toka asubuhi, mchanga haujapata moto. Vaa viatu vya kufunika, maana hawa weusi wakubwa wana mwiba nyuma. Funua kuti lililooza, okota mchwa wachache, watie kwenye kifuu, kisha ukae kivulini.

Likija jeshi zima kwa mstari, waache wapite. Hao wavamizi wana malkia, ila hana mbawa. Sisi tunamtaka yule anayebeba mchwa wake na kuondoka bila kuita mtu. Ndivyo awindavyo sisimizi aitwaye Ophthalmopone berthoudi wa kusini mwa Afrika, na huyo hana malkia kabisa. Madume huruka kutoka viota vingine, huingia shimoni na kuwapanda baadhi ya vibarua, yaani majike wafanyakazi wa kiota, na hao ndio wanaotaga. Watafiti Christian Peeters na Robin Crewe walilieleza hilo mwaka 1984. Kwa nje mtagaji na mwenzake ni sare. Tofauti iko tumboni, kwenye kijifuko cha kuwekea mbegu za dume, na hiyo yataka darubini. Sasa ukichimba usimwone malkia, umejua nini? Huenda yuko chini zaidi.

Mwindaji wako akiwa anahangaika na mchwa, mguse mgongoni kwa ncha ya njiti yenye rangi ya kucha. Kidogo mno! Ikishuka miguuni umemlemaza. Mfuate taratibu, kivuli chako kisimwangukie, na kila shimo analoingia lichomekee kijiti. Akiingia leo hapa, kesho pale, usishangae: koloni moja la berthoudi hukaa viota kadhaa, na wakihama hubebana.

Kuhama kwenyewe ni kwa miguu. Hakuna malkia wa kuruka akaanzishe mji mbali. Koloni hugawanyika, kundi likahamia jirani. Mto kama Sabaki kwa mdudu wa namna hiyo ni ukuta, labda apande gogo.

Ukipiga picha, piga kwa ubavu, macho na kiuno vionekane. Ya juu peke yake haitambulishi mtu. Kisha rudisha kuti mahali pake.