Teknolojia na Kujifunza Baina ya Kampuni Zinazokabidhiana Kazi

Mabibi na mabwana, kampuni inapoikabidhi kampuni nyingine sehemu ya kazi yake, iwe ni kukokotoa mishahara au kuunda programu, huikabidhi pia nafasi ya kujifunza kutokana na kazi hiyo. Ninachotaka tukitafakari ni iwapo mifumo ya kompyuta inayoziunganisha kampuni hizo huirudisha nafasi hiyo.

Boeing ilipounda ndege ya 787, iliwapa wabia wake, wakiwemo wa Japani na Italia, kazi ya kusanifu na kutengeneza sehemu kubwa za ndege hiyo, huku michoro ikipitia mfumo mmoja wa kompyuta. Michoro ilifika upesi, lakini ujuzi ulikawia: baadhi ya sehemu zililetwa kiwandani zikiwa hazijakamilika, na ndege iliyotarajiwa kukabidhiwa kwa mnunuzi mwaka 2008 ilikabidhiwa Septemba 2011. Katikati ya misukosuko hiyo, mwaka 2009, Boeing ilikinunua kiwanda cha mbia wake mmoja huko South Carolina, Marekani.

Mchoro hueleza kifaa kiweje. Hauelezi fundi alijuaje kwamba kitapasuka. Zaidi ya hayo, kama watafiti Cohen na Levinthal walivyoonyesha mwaka 1990, uwezo wa kampuni kupokea maarifa mapya hutegemea maarifa iliyo nayo tayari. Mteja, yaani kampuni iliyoikabidhi nyingine kazi, aliyewaachisha kazi mafundi wake wote ataendelea kuletewa ripoti, ila hatabaki na mtu wa kuzihoji.

Nauona mfano ulio wazi zaidi katika mifumo ya kusajili hitilafu. Mkataba ukimlipa mtoa huduma kwa wepesi wa kufunga tiketi, yaani rekodi ya kila hitilafu iliyoripotiwa, fundi ataandika "imetatuliwa" na kwenda kwenye tiketi inayofuata, chanzo kisiandikwe popote, na hitilafu ileile irudi. Mfumo huohuo, mafundi wa pande mbili wakiusoma pamoja na kuulizana kwa nini jambo limetokea, huwa daftari lao la pamoja. Programu haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kinachopimwa na anayeruhusiwa kusoma.

Ruhusa hiyo ndiyo huniumiza kichwa. Mtoa huduma huficha kumbukumbu zake akihofia kwamba mteja akishajifunza atavunja mkataba, na hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo ni vyema pande zote zikubaliane, kabla ya mfumo kununuliwa, ni maarifa yapi yatakuwa ya wote na yapi yatabaki siri ya mwenyewe, na mafundi watakaoutumia wawepo katika mazungumzo hayo.