Shimo Kabla ya Mche: Mhadhara kwa Wakulima na Wenye Nyumba wa Malindi

Assalamu alaikum. Wazee wetu, mama zetu, na vijana mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kuja.

Karibu kila anayenijia wakati wa masika huuliza ni mche gani ulio bora, nami humrudishia maswali: udongo wako ni wa namna gani ukichimbwa, na jua hufika pale saa ngapi na kuondoka saa ngapi? Malindi hii moja ina mchanga wa ufukweni, ina mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo mwembamba, ina ardhi nyekundu ya upande wa Magarini, na ina udongo mzito unaoletwa na Mto Sabaki. Mche uliostawi kwa ndugu yako waweza kufa kwako, ingawa nyote wawili mliumwagilia vilevile.

Mwenye shaka na aende Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 ulio kusini yetu. Penye mchanga mweupe usio na rutuba imesimama mirihi. Penye udongo mwekundu, upande wa magharibi, imesongamana mifunda. Na mashariki, ambako mvua ni nyingi zaidi, ni msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Miti hiyo haikupangwa na mtu. Mbegu ziliangukia kote, na kila ardhi ikabakiza zile zilizoiweza.

Nianze na ardhi ya matumbawe, kwa sababu ndiyo inayotutesa wengi wetu. Miaka ya nyuma nilinunua michungwa kitaluni, miche mizuri yenye majani ya kijani kibichi, nikaipanda nyuma ya nyumba. Mwaka haukwisha kabla majani machanga hayajageuka manjano, mishipa yake tu ikabaki kijani. Nikaongeza samadi, nikaongeza maji, na umanjano ukazidi. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba chokaa iliyomo katika udongo ule huyafunga madini ya chuma, mizizi ikashindwa kuyachukua hata yakiwa tele. Hilo lingejulikana siku ya kwanza kwa kijiko cha siki, maana udongo wenye chokaa nyingi ukitiwa siki hutoa povu. Mwenye udongo wa namna hiyo na apande mkomamanga, mkunazi, mtende au mwarobaini, ambayo huivumilia chokaa. Michungwa na midimu aiwekee mahali penye udongo mwingine.

Ufukweni taabu ni nyingine: mchanga haushiki maji wala chakula, na upepo wa kusi hubeba rasharasha za chumvi zinazounguza majani. Hapo mvinje hauna mfano, kwa kuwa mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani, nao kwa hiyo hujilisha pale ambapo miti mingine ingedumaa. Mkungu na mnazi nayo huistahimili chumvi. Mkorosho hupenda mchanga, lakini uwe mchanga wenye kina, usio na mwamba karibu.

Kando ya Sabaki, chimba shimo la futi mbili, lijaze maji, yakishanyonywa ulijaze tena, kisha urudi kesho yake. Ukiyakuta maji bado yamesimama, usipande mkorosho wala mwarobaini hapo, na mpapai usiufikirie kabisa, kwani hufa ndani ya siku chache mizizi yake ikizama. Mwembe huvumilia mafuriko mafupi vizuri zaidi kuliko miti hiyo.

Sasa mwanga, jambo ambalo watu hulipima kwa kutazama mara moja tu. Sisi tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi zipatazo tatu, hivyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini yetu, na mwezi wa Desemba huwa kusini. Ukuta wa kimo cha mita 3 uliojengwa kutoka mashariki hadi magharibi hutupa kivuli cha adhuhuri cha karibu mita moja na nusu upande wake wa kusini mwezi wa Juni. Desemba kivuli huhamia upande wa kaskazini, kikawa zaidi kidogo ya mita moja. Aliyepima mwezi mmoja tu amejua nusu ya habari. Mwembe, mkorosho na mvinje hutaka jua la mchana kutwa, na mwembe uliotiwa kivulini hurefuka ukitafuta mwanga, ukazaa kidogo au usizae. Penye jua la nusu siku weka mstafeli au mgomba. Chini ya minazi iliyokwisha refuka, mwanga hupenya tena vizuri, na mgomba hupata wa kuutosha.

Mche wenyewe nao una historia yake ya mwanga. Uliolelewa chini ya makuti una majani mapana yasiyo manene. Ukiutoa leo na kuupanda kwenye jua kali kesho, majani yataungua hata kama aina yake ni ya juani. Uzoeshe kwa wiki mbili hivi, ukiusogeza kidogo kidogo. Tena usivutiwe na urefu. Pindua mfuko utazame chini: mzizi mkuu uliojizungusha kama kamba hautanyooka ardhini, na kwa mkorosho au mkwaju, inayotegemea mzizi huo kufuata maji chini, kasoro hiyo haina dawa. Mimi huchagua mche mfupi, wenye shina nene na mizizi iliyonyooka, hata muuzaji akinihimiza nichukue ule mrefu.

Waliokuja na udongo wao katika vikopo, tafadhali wasogee hapa mezani. Siki ipo, tutaujaribu wa kila mmoja, kisha tuzungumze kuhusu mche wake.