Olov Hedberg na mimea ya vilele vya Afrika Mashariki

Mabibi na mabwana,

Anayepanda Mlima Kenya hadi Bonde la Teleki, lililo kwenye mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari, huchomwa na jua mchana na kuamka alfajiri akikuta maji yameganda chupani. Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, tofauti ya mchana na usiku huko ni kubwa kuliko tofauti ya mwezi na mwezi. Mwanabotania wa Uppsala nchini Uswidi, Olov Hedberg, aliieleza hali hiyo kuwa kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jinsi mmea unavyoihimili.

Alikuja kwenye milima yetu mwaka 1948, akiwa bado kijana. Mwaka 1951 alichapisha maelezo ya kanda za uoto: msitu, kisha vichaka vya jamii ya erika, vyenye majani madogo magumu, na juu kabisa ukanda wa afroalpini, yaani ule wa vilele vya milima mirefu ya Afrika. Kwangu mimi, kazi yake kubwa ni ile ya mwaka 1964, kwa sababu humo aliacha kuorodhesha majina tu, akaeleza mimea inavyoishi.

Itazameni lobelia ya Mlima Kenya. Majani yake yamepangika kama bakuli lililojaa maji. Usiku maji ya juu hufanya utando wa barafu, lakini yaliyo chini hayagandi, na kichipukizi kilichomo husalimika. Senesio mkubwa, mmea wenye umbo la mti ambao huwa mrefu kumpita mtu, hufunga majani yake machanga usiku, na majani yaliyokufa hayadondoki bali huuzunguka mti kama blanketi. Ndiyo maana nawasihi wapanda milima wasiyang'oe ili kuwashia moto: shina likiachwa tupu, maji yaliyomo ndani huganda.

Chini ya mimea hiyo mna tatizo jingine ambalo mgeni halioni. Usiku udongo wenye unyevu huota sindano za barafu zinazouinua, na asubuhi zikiyeyuka miche hubaki imeng'oka mizizi.

Mwaka 1969 Hedberg aliandika kuhusu kasi ya kukua kwa senesio, swali lisilojibika kwa safari moja, kwani mmea huo huongezeka sentimita chache tu kwa mwaka.