Sabuni ya Zeituni, Jikoni kwa Shangazi

MPWA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Leo tumehamia jikoni kwa Shangazi, Kirumba, dirisha liko wazi, kwa hiyo mkisikia bodaboda na kunguru, hiyo ndiyo Mwanza yetu. Shikamoo Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?

MPWA: Hajambo, ila ngozi inapauka. Nikimwogesha kwa sabuni ya mche, dakika chache tu miguu imekuwa myeupe kama imepakwa majivu.

SHANGAZI: Sabuni ya mche kazi yake ni nguo. Ndiyo maana nikakwambia uje na mafuta ya zeituni.

MPWA: Nimekuja nayo, chupa nzima.

SHANGAZI: Chupa nzima tutaitumia kwa miezi. Leo tunataka kijiko kimoja.

MPWA: Kimoja? Si tunatengeneza sabuni ya zeituni?

SHANGAZI: Hapo ndipo nilipoharibu kilo nzima mara ya kwanza. Aliyeniuzia besi, yaani sabuni iliyokwisha tengenezwa kiwandani ambayo sisi tunaiyeyusha tu na kuimimina, aliniambia, "Mafuta unaongeza unavyopenda." Nikaona mafuta ni kitu chema, nikamimina nusu kikombe. Asubuhi nikakuta tabaka la njano limeelea juu, na chini yake sabuni laini kama ugali uliokosa unga. Ukiisugua haitoi povu, mkono unabaki na mafuta tu. Niliumia, maana besi ile niliikusanyia pesa kidogo kidogo.

MPWA: Pole Shangazi. Sasa kwa nini mafuta yalikataa kuingia?

SHANGAZI: Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, yakageuka kitu kingine kabisa, sabuni na gliserini. Kwenye besi hii ya kuyeyusha na kumimina, ndoa hiyo ilishafungwa kiwandani. Kostiki imekwisha kazi yake. Mafuta unayoongeza wewe ni mgeni aliyefika harusi imekwisha: anakaribishwa, anapewa kiti, lakini haolewi tena. Wakiwa wengi wanajaza ukumbi na povu linakufa.

MPWA: Kwa hiyo kipimo ni kipi?

SHANGAZI: Kwa nusu kilo ya besi, kijiko kimoja cha chai. Ukizidisha sana, kimoja cha chakula. Usipite hapo.

MPWA: Basi ulaini unatoka wapi, kama mafuta yenyewe ni machache hivi?

SHANGAZI: Unatoka kwenye besi uliyochagua, na kwenye vitu ulivyokubali kuviacha. Soma pakiti. Ukikuta maneno sodium olivate, hayo ni mafuta ya zeituni yaliyokwisha kuwa sabuni. Hapo zeituni imo kwenye mwili wa sabuni wenyewe. Na gliserini iwemo, ndiyo inayofanya ngozi isivute ukishajifuta.

MPWA: Wale wa kule zeituni inakoota, wanafanyaje?

SHANGAZI: Wao wanaanza na mafuta na kostiki moja kwa moja. Nablus, Palestina, wanapika sabuni ya zeituni tangu enzi na enzi, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Marseille, Ufaransa, amri ya mfalme ya mwaka 1688 ilikataza kutia mafuta mengine yoyote. Sabuni kama hiyo inakauka kwa wiki nyingi kabla ya kutumika, na kostiki inaunguza ngozi na macho. Mimi nyumba yangu ina watoto wanaoingia jikoni bila hodi. Nimechagua njia hii, na sioni aibu.

MPWA: Haya, besi nimeikatakata vipande vidogo kama ulivyosema.

SHANGAZI: Iweke kwenye kisufuria, hicho kiingize ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Isikae juu ya moto wenyewe. Funika, maji yake yasipotee, maana besi iliyochemka inakuwa nzito na ikikauka inakunja. Ukiwa na kipimajoto, usipite nyuzi 70. Koroga taratibu na mwiko. Ukikoroga kama uji, umeingiza mapovu.

MPWA: Imeyeyuka. Nitie mafuta?

SHANGAZI: Itoe motoni kwanza. Sasa tia, koroga mpaka usione macho ya mafuta juu.

MPWA: Na harufu? Nilikuwa nimefikiria mchaichai wa pale nje.

SHANGAZI: Majani mabichi, hapana. Wala shubiri iliyotoka kukatwa, wala maziwa ya ng'ombe. Vitu vyenye maji vinaoza humo ndani, wiki mbili tu unaona madoa. Mtu mzima anaweza kutia mafuta ya harufu yaliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, kwa nusu kilo yasizidi vijiko viwili vya chai. Ya mtoto usitie kitu. Acha inuke sabuni.

MPWA: Namimina. Tumetumia boksi la maziwa lililooshwa, wasikilizaji, na vile vyombo vya silikoni vya keki.

SHANGAZI: Vile vya keki visirudi tena kwenye keki. Haya, mapovu hayo juu, pulizia spiriti ya duka la dawa, ile isiyo na rangi. Subiri! Jiko la mkaa limezimwa?

MPWA: Bado lina moto.

SHANGAZI: Litoe nje kwanza. Spiriti inashika moto hata kwa cheche, na chupa ya kupulizia inautawanya hewani. Hili nitalirudia kila kipindi.

MPWA: Tayari. Nimepulizia, mapovu yameondoka. Niiweke kwenye friji ishike haraka?

SHANGAZI: Iache mezani. Ukiitoa kwenye friji kwenye hewa yetu hii ya ziwani, itajaa matone kama chupa ya soda. Gliserini inavuta maji hewani. Masika, wakati kila kitu ndani ni unyevu, sabuni inatoka jasho usiku mmoja. Haijaharibika, lakini ukiishika inanata, na mteja haelewi.

MPWA: Mteja! Kumbe tunauza?

SHANGAZI: Wewe oga kwanza mwezi mzima. Ukitaka kuuza, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, ukajifunze, halafu TBS, shirika la viwango. Vipodozi viko chini yao tangu 2019. Na usimwambie mtu inatibu pumu ya ngozi. Mtoto akitoka vipele au ngozi ikipasuka, huyo ni wa hospitali.

MPWA: Nimesikia. Kuna msikilizaji aliwahi kuniuliza, sabuni laini kama hii naweza kuogea ziwani?

SHANGAZI: Hapana jamani. Chota maji, kaogee mbali na ufuo, maji ya sabuni yaishie ardhini. Ziwa ndilo tunalokunywa. Na kichocho kiko pale pale watoto wanapochezea, sabuni haikuzuii kukipata. Wazazi wa kule mialoni, nawaomba sana.

MPWA: Hizi za asubuhi ulizotangulia kumimina zimeshika?

SHANGAZI: Bonyeza katikati. Ikiwa baridi na ngumu, itoe. Chukua kipande kile, nenda bombani.

MPWA: Povu lake ni dogo, ila ni zito, kama cream... kama mtindi. Ngoja nisuuze. Shangazi, mkono hauvuti.

SHANGAZI: Subiri ukauke ndiyo useme.

MPWA: Umekauka. Hauvuti. Wala haujapauka.

SHANGAZI: Kesho mjaribishie mtoto sehemu ndogo ya mkono, uangalie siku nzima ndipo umwogeshe mwili. Sasa lete nailoni ya kufungia chakula, tuvifunge vyote, vibanwe kabisa hewa isiingie. Harakisha mwanangu, wingu lile linatoka Ukerewe.